Habari Iliyomo Katika Damu ni Mali ya Nani?

Kila mwaka, mwezi wa Juni uishapo, vyuo vikuu vya Uingereza hufunga masomo kwa likizo ya kiangazi. Wanafunzi hutawanyika: wengine hurudi makwao, wengine hutafuta kazi ya kuwapatia fedha. Lakini wako waombao nafasi katika maabara, yaani nyumba za uchunguzi wa elimu, wapate kuona kwa macho kazi ambayo darasani wameisikia kwa masikio tu. Hukaa huko majuma sita au manane, wakipewa posho ya kula na kulala, na kazi ndogo iwafaayo waanzao.

Leo twataka kumfikiri mwanafunzi mmoja wa namna hiyo. Hatumtaji jina, kwa kuwa ni mfano tuutungao wenyewe. Lakini kazi tutakayoieleza ni kazi ya kweli, na vijana waifanyao ni wengi. Tuseme, basi, amewekwa katika maabara ichunguzayo ugonjwa wa misuli ya moyo, ule ambao mtoto huurithi kwa mzazi wake.

Asubuhi hupewa kichupa kidogo, urefu wake kama kiungo cha kidole. Ndani mna tone la maji yasiyo na rangi. Maji hayo yana DNA iliyotolewa katika damu ya mtu. DNA ni kama maandiko membamba sana yaliyomo karibu katika kila chembe ya mwili, yaelezayo jinsi mwili upaswavyo kujengwa. Maandiko hayo yana herufi nne tu, nazo wataalamu huziita A, C, G na T. Juu ya kichupa hapana jina. Pana namba tu. Mwanafunzi hutia dawa zake, hukiweka kichupa katika mashine ipashayo moto na kupoza tena na tena, mara thelathini hivi. Kila mara kipande cha DNA kitakiwacho huongezeka maradufu, hata kipande kimoja chaweza kuwa zaidi ya milioni elfu. Njia hiyo aliibuni Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983, na mwaka 1993 alipewa tuzo ya Nobel kwa ajili yake. Kisha mashine nyingine husoma herufi moja moja.

Tuseme katika juma la tatu kijana wetu aona herufi A mahali palipopaswa kuwa na G. Herufi moja tu imebadilika. Amwita msimamizi wake, msimamizi atazama, arudia kutazama, asema, "Ndiyo, umeona vema. Andika katika daftari." Kijana aandika. Lakini jioni, akitembea kwenda chumbani kwake, moyo wake haukai. Namba ile ni mtu. Mtu yule ana mama, ana ndugu, labda ana watoto. Je, wao wanajua? Na kama hawajui, ni nani apaswaye kuwaambia? Habari ile iliyomo katika damu ni mali ya nani?

Hili ndilo swali letu la leo. Wala si swali la Wazungu na maabara zao tu, kama tutakavyoona. Lakini kwanza sharti tuujue ugonjwa wenyewe.

Moyo wa mtu ni mkubwa kiasi cha ngumi yake, nao hupiga kama mara laki moja kwa siku moja. Misuli yake imefanyizwa kwa nyuzi nyembamba sana, na nyuzi hizo hufanya kazi kama watu wanaovuta kamba ya jahazi. Wavutaji ni protini iitwayo miosini, na kamba ni protini iitwayo aktini. Wavutaji wakivuta pamoja, moyo hujikaza na kusukuma damu. Wakiachia pamoja, moyo hulegea na kujaa tena. Sasa kwa watu wengine wenye ugonjwa huu, maandiko yaelezayo jinsi ya kumjenga mvutaji yana kosa. Wavutaji huvuta kupita kiasi, wala hawaachii vema. Miaka ikipita, ukuta wa moyo hunenepa. Ukuta wa moyo mzima una unene wa kama sentimita moja. Katika ugonjwa huu hufika milimita 15 na kuzidi. Chembe za misuli, badala ya kulala sambamba, huvurugika kama kuni zilizotupwa ovyo. Tena katika vurugu hiyo njia ya umeme uendeshao moyo yaweza kupotea. Ndipo moyo huacha kupiga, hutetemeka tu, na mtu huanguka.

Wagonjwa wengine huona dalili: pumzi huwa fupi wapandapo kilima, kifua huuma, huzimia. Wengine hawaoni lo lote hata siku ya mwisho. Na wengi, jambo hili tusilisahau, huishi miaka mingi hata uzee bila shida kubwa. Wataalamu wamehesabu kwamba katika kila watu 500, kama mmoja huwa na ugonjwa huu. Basi si ugonjwa wa nadra, bali ni ugonjwa uliofichika.

Ulianza kujulikana wazi mwaka 1958, pale Donald Teare, daktari wa London aliyechunguza miili ya wafu ili sababu ya kifo ijulikane, alipoandika habari za vijana wachache waliokufa ghafula, naye akaona mioyo yao imenenepa upande mmoja kuliko mwingine. Mwaka 1961 madaktari wa Kanada waliandika habari za ukoo mmoja wa jimbo la Quebec, ambao watu wake walikuwa wakifa hivyo kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1990 Christine Seidman na Jonathan Seidman, pamoja na wenzao wa Boston, waliona kwamba katika ukoo uo huo shida yote ilitokana na herufi moja katika jeni ya miosini. Herufi moja! Na mzazi aliye nayo, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, awe wa kiume au wa kike.

Wapenzi wa mpira watakumbuka tarehe 26 Juni 2003, pale Marc-Vivien Foé wa Kamerun alipoanguka uwanjani katika mji wa Lyon, hapana aliyemgusa, naye akafa akiwa na umri wa miaka 28. Mwili wake ulipochunguzwa ilionekana kwamba alikuwa na ugonjwa huu wa moyo. Na kule Afrika ya Kusini wataalamu wameona koo zenye kosa katika protini nyingine ya moyo, ambamo ukuta wa moyo haunenepi sana hata picha ioneshe waziwazi, lakini vijana hufa. Hapo damu husema neno ambalo picha imelinyamazia. Katika nchi iyo hiyo marehemu Profesa Bongani Mayosi wa Cape Town pamoja na wenzake waliufuata ukoo mmoja kwa miaka kama ishirini kwa sababu ya ugonjwa mwingine wa kurithi wa misuli ya moyo, hata mwaka 2017 wakatangaza jeni iliyouleta. Miaka ishirini ya kuuliza, kupima na kungoja! Wala isingewezekana kama watu wa ukoo ule wangaliyaficha maradhi yao wao kwa wao.

Sasa twarudi kwenye swali. Mtu amepimwa, naye ameambiwa kwamba ana kosa hili katika damu yake. Je, yampasa kuwaambia ndugu zake?

Wako wasemao, haimpasi. Husema: mwili wangu ni wangu, na habari zake ni zangu. Daktari mwenyewe amefungwa kutunza siri ya mgonjwa. Itakuwaje mgonjwa asiwe na ruhusa ya kuitunza siri yake mwenyewe? Tusiwadharau wasemao hivyo, maana wana sababu. Katika vijiji vyetu neno moja likitoka mlangoni hufika sokoni kabla ya jua kuchwa. Ukoo ukisemwa kwamba una "moyo mbovu", binti zao hawaposwi, na vijana wao hawapewi kazi. Tena yuko mtu asiyetaka kujua. Husema, "Niacheni niishi siku zangu kwa amani, nikijua, kila mara moyo ukipiga kwa nguvu nitadhani ndio mwisho." Naye pia si mpumbavu.

Lakini tuipime hoja hiyo kwa mfano. Ndugu wawili wamerithi nyumba moja ya baba yao, kila mmoja ana chumba chake, na boriti moja imepita juu ya vyumba vyote viwili. Siku moja mmoja apanda darini aona mchwa wamekula boriti. Je, aweza kusema, "Nimewaona mchwa chumbani mwangu, basi habari hii ni yangu"? Chumba ni chake, lakini boriti si yake peke yake. Akinyamaza, hakutunza siri yake tu. Ametunza siri ya usingizi wa ndugu yake, ambaye hakumwomba afanye hivyo. Damu ya kurithi ni boriti ya namna hiyo. Imepita juu ya vyumba vyote vya ukoo.

Kwa hiyo twasema: habari za maumivu yangu, hofu yangu na dawa nizinywazo ni zangu. Lakini habari ya kwamba kosa limo katika ukoo ni kama barua yenye anwani ya watu wengi, nayo imefika mkononi mwangu kwanza. Aliyepokea barua ya wengi si mwenyewe wa barua, ni mjumbe.

Hata mahakama zimeanza kuona hivyo, ingawa kwa tahadhari. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya London iliamua shauri la mwanamke ambaye baba yake alikuwa na ugonjwa wa ubongo wa kurithi. Baba aliwakataza madaktari wasimwambie binti, na binti alikuwa na mimba wakati huo. Baadaye alikuja kujua, kisha akapimwa akaonekana naye ameurithi. Hakimu alisema kwamba madaktari katika hali kama ile wapaswa kupima katika mizani faida ya binti kujua na haki ya baba ya kutunziwa siri. Hata hivyo binti hakushinda shauri lake, maana madaktari hawakuonekana kuwa na kosa. Twajifunza nini hapo? Kwamba sheria ikifika, hufika imechelewa, tena hufika na mizani mkononi. Aliyeweza kulimaliza jambo lile mapema, kwa neno moja la nyumbani, alikuwa baba.

Na yule asiyetaka kujua, je? Hapa yatupasa kupambanua mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kumwambia ndugu yako kwamba liko jambo la kujulikana ni kumwonesha mlango. Kumlazimisha apimwe ni kumsukuma ndani. La kwanza ni wajibu. La pili si ruhusa. Mwambie, "Ndugu yangu, madaktari wameona kwangu ugonjwa wa moyo ambao hurithiwa. Yamkini wewe huna. Ukitaka kupimwa, iko njia. Usipotaka, sitakuuliza tena." Hapo ana uhuru wake wote. Lakini usipomwambia, hukumwachia uhuru wa kutojua. Umechagua kwa niaba yake, naye hana habari kwamba palikuwa na kuchagua.

Kusema nako kuna adabu yake. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Habari hii haisemwi katika ngoma wala mbele ya wageni. Husemwa ana kwa ana, na mkubwa wa nyumba akijulishwa kwa heshima yake. Isemwe kamili: pamoja na hatari, yatajwe matumaini, kwamba nusu ya watoto yamkini hawana, na kwamba wengi walio nayo huishi maisha marefu. Asemaye hatari tu amedanganya kwa nusu ya kweli.

Twasikia mtu akiuliza, "Itafaa nini kujua, na huku kwetu dawa haipatikani?" Ni swali zito, wala hatutalijibu kwa maneno matamu. Ni kweli kwamba kiko kimashine kipandikizwacho mwilini, kiushtuacho moyo uanzapo kutetemeka, ambacho mtu wa kwanza aliwekewa huko Baltimore mwezi wa Februari 1980. Ni kweli kwamba iko dawa iitwayo mavacamten, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, ambayo huwapunguza nguvu wavutaji wale wavutao kupita kiasi. Na ni kweli kwamba vitu hivi ni vya gharama kubwa, na wengi wetu hatutaviona. Lakini je, ndivyo vyote? Hospitali kubwa za miji yetu zina mashine ya kupiga picha ya moyo. Ziko dawa za zamani zipunguzazo mbio za moyo, ambazo bei yake si kubwa. Kijana ajuaye hali yake aweza kushauriana na daktari juu ya michezo. Maana zamani wagonjwa hawa walikatazwa karibu kila mchezo, bali siku hizi madaktari huwaruhusu wengi mazoezi ya kiasi. Tena jamaa wa nyumba yake waweza kujifunza la kufanya akianguka: kuita msaada, na kumkandamiza katikati ya kifua kwa mikono miwili kwa nguvu na upesi, mara 100 hata 120 kwa dakika, bila kuacha. Kazi hiyo haihitaji fedha. Yahitaji tu kwamba mtu amejua mapema.

Na iko faida nyingine, ambayo kwa maoni yetu si ndogo kuliko dawa. Twakumbuka matanga ya kijana mmoja aliyeanguka akicheza mpira, mwenye afya, hakuugua hata siku moja. Kabla udongo haujakauka juu ya kaburi, watu walikwisha kumtazama mke mwenzi wa mama yake. Wakauliza, nani amekosa? Nani alimwonea kijicho? Mama yule alihama kijiji usiku, na vitu vyake juu ya kichwa. Miaka mitatu baadaye mdogo wake marehemu alianguka vilevile, njiani kwenda kisimani, na mama yule alikuwa mbali kwa mwendo wa siku mbili. Ndipo baba wa vijana alipofungua kinywa, akasema kwamba ndugu yake mwenyewe alikufa hivyo hivyo katika ujana, na shangazi yake pia. Lakini aliona aibu kusema, asije akaambiwa ukoo wake una laana. Ugonjwa gani uliwaua, hatuwezi kusema, maana hakuna aliyechunguza. Lakini twajua hili: kimya cha baba kilimfukuza mwanamke asiye na hatia, na mtoto wa pili hakupata hata nafasi ya kupimwa. Nasi tuliokuwapo katika matanga yale ya kwanza tulisikia manong'ono, tukanyamaza. Kosa hilo ni letu, wala hatuwezi kumtupia mwingine.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi, kilio kitamwumbua. Lakini mara nyingine kilio hakimwumbui mficha peke yake. Humwumbua na asiyehusika.

Sasa tumrudie mwanafunzi wetu. Mwezi wa Agosti umekwisha. Amesafisha meza yake, amerudisha koti jeupe, amemkabidhi msimamizi daftari. Je, amefanya wajibu wake? Twaona amefanya. Si kazi yake kuitafuta nyumba ya namba ile na kubisha hodi. Angefanya hivyo angevunja uaminifu, tena angeweza kumtisha mtu kwa kosa la maabara. Yampasa kusoma herufi kwa uangalifu na kuandika alichokiona, asiongeze wala asipunguze. Kisha hospitali hurudia kupima kwa njia iliyothibitishwa kabla mtu hajaambiwa lo lote. Kisha daktari husema na mgonjwa kwa maneno ayaelewayo. Na hapo mnyororo hufika mikononi mwa mgonjwa mwenyewe. Pete zote za kwanza ni za elimu. Pete ya mwisho ni ya undugu, wala hapana mashine iwezayo kuifunga badala yetu. Kijana yule amefanya kazi majuma manane kwa ajili ya mtu asiyemjua. Itakuwa ajabu ikiwa mtu yule hatasema neno moja kwa ajili ya ndugu yake amjuaye.

Basi, ndugu wasomaji, wala msingoje maabara. Anzeni na lililo karibu. Jioni moja, chakula kikiisha kuliwa, waulizeni wazee wenu kwa upole: katika ukoo wetu ni nani waliokufa ghafula kabla ya kufika miaka arobaini? Ni nani waliozoea kuzimia? Walikuwa wana wa nani? Andikeni majina katika daftari, baba juu, watoto chini yake. Mkiona vifo vya namna hiyo viwili au vitatu katika ukoo mmoja, chukueni daftari hilo mwende nalo hospitali. Daktari atalisoma kwa bidii kuliko mnavyodhani. Msipoona kitu, mmepata majina ya babu zenu, nayo pia ni mali.

Nanyi walimu mwendao kuzika: siku mtakaposikia matangani swali lile, nani amemwua, msinyamaze kama sisi tulivyonyamaza.